Sekunde Nne za Bugeshi

Wenzangu wa stesheni, mliniaga kwa soda, kwa hotuba tatu na kwa saa ya ukutani ambayo, mnisamehe, inachelewa sekunde ishirini kwa siku. Nimeipima. Mtu wa kazi yetu haachi kupima kwa sababu tu amepewa cheti cha kustaafu. Sasa mmenitaka niwaandikie jinsi nilivyoingia katika fizikia na elimu ya nyota, maana wengine wenu mnadhani nilizaliwa ndani ya kibanda cha vipimajoto. Nitaandika. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa vilikuja vimechelewa na havikunifundisha kitu. Mishahara nayo naiacha, kama ilivyokuwa ikiniacha mimi kila katikati ya mwezi. Nitawasimulia habari za Gisenyi, miaka ya hamsini, kwa sababu yale niliyoyatumia kazini maisha yangu yote niliyapata pale, kwa watu wachache ambao nawaombea dua mpaka leo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani karibu na soko la Gisenyi. Alizaliwa Ujiji, akafuata biashara mpaka ziwani Kivu, akaoa, akabaki. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tulisema Kiswahili kabla ya Kinyarwanda, na ndiyo sababu shule haikuwa jambo rahisi: shule nyingi zilikuwa za misheni, nasi tulikuwa Waislamu. Ilipofunguliwa shule ya serikali kule Usumbura, Baba aliuza cherehani yake ya pili akanipeleka. Nilirudi nikiwa na miaka kumi na tisa, nikijua hesabu, Kifaransa na kucheza mpira. Mpira nilikuwa naujua zaidi.

Juu ya mji, mahali ambapo upepo wa ziwa unakutana na ubaridi wa milimani, palikuwa na kituo kidogo cha vipimo: nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, kipimamvua uani, na tufe la kioo lililokusanya mwanga wa jua na kuunguza mstari kwenye karatasi, ili ijulikane jua limewaka saa ngapi siku hiyo. Walitafuta mtu wa kuandika namba. Nilikwenda nikiwa nimevaa suti ambayo Baba aliishona kwa usiku mmoja, na ambayo ilikuwa kubwa kwa sababu aliamini nitakua nikiwa kazini.

Mkuu wa kituo alikuwa Mbelgiji, Monsieur Lemmens. Alikuwa amesoma fizikia na elimu ya nyota kwao, mtu mrefu, mkimya, aliyejifunza Kiswahili kwa madereva wa malori, kwa hiyo alitukana bila kujua kwamba anatukana. Msaidizi wake alikuwa Muzee Gaspari, mtu wa Rubona, Mkatoliki, aliyekuwa fundi wa injini za mashua kabla ya kupewa kazi ya kuitunza saa kuu ya kituo. Alikuwa na vidole vinene vya makanika, na bado sijaona vidole vilivyogusa kitu kwa upole kama vile.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa kalamu. Nilipewa taa ya mafuta. Mashine yetu ya kuandika matetemeko ilikuwa na sindano iliyokwaruza karatasi iliyofukizwa masizi, na karatasi hiyo ilibidi itengenezwe kila asubuhi: unaizungushia kwenye silinda, unaipitisha juu ya moshi wa taa, taratibu, mpaka iwe nyeusi kila mahali, bila kuungua na bila alama ya kidole. Niliunguza mbili. Ya tatu niliishika.

“Sasa iko na tetemeko ya dole gumba,” Muzee Gaspari alisema akiitazama. “Tufanye ingine.”

Nilirudi nyumbani na masizi mpaka puani. Mama akauliza kama nimeajiriwa au nimeungua.

Ilinichukua mwezi kuielewa saa. Ilikuwa saa ya pendulamu, ndefu kama mtu, imefungwa ukutani katika chumba cha ndani. Mlango wake haukuruhusiwa kubamizwa, na mtu mwenye mafua alipiga chafya nje. Kila dakika saa ile ilipeleka umeme kidogo kwenye mashine ya matetemeko, sindano ikaweka alama. Na kila siku saa sita adhuhuri tulifungua redio ya betri, tukasikiliza milio ya saa kutoka mbali, tukalinganisha: saa yetu imewahi au imechelewa kiasi gani. Namba hiyo iliandikwa daftarini kwa wino.

“Kwa nini mpaka sehemu ya sekunde?” nilimwuliza Monsieur Lemmens.

Alichora ziwa na milima kwa chaki. Akatia nukta tatu: sisi Gisenyi, kituo kingine upande wa Goma, na cha tatu kusini mwa ziwa. “Tetemeko inakimbia ndani ya mawe karibu kilometa sita kwa sekunde moja,” alisema. “Inafika kwetu, inafika kwao. Tukijua saa ya kufika, tunajua ilitoka wapi. We ukipoteza sekunde moja, umehamisha mulima.”

Nililipenda sana neno hilo, nikalirudia nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa siku moja nilikuwa na uwezo wa kuhamisha milima.

Elimu ya nyota nayo Monsieur Lemmens alinianzishia mchana. Alikuwa na darubini ndogo ya shaba. Nilitarajia aniite gizani anionyeshe sayari. Badala yake aliilekeza kwenye jua saa nne asubuhi, akashika karatasi nyeupe nyuma ya kioo. Jua likaanguka juu ya karatasi, duara kama sahani, likiwa na madoa meusi matatu. “Nyota moja tunaiona muchana,” alisema. “Tuanze na hiyo. Na usiweke jicho pale, utabaki na jicho moja.” Kila siku isiyo na mawingu nilichora madoa yale. Baada ya siku chache niliona yamesogea, yote pamoja, upande mmoja. Jua lilikuwa linazunguka, na ni mimi niliyeliona kwa penseli yangu mwenyewe. Siku ile niliacha kwenda mazoezi ya mpira, na sijui kama mchezo huo ulipoteza chochote.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo Monsieur Lemmens akaniambia kwamba kule Léopoldville kumefunguliwa chuo kikuu, kwamba kinapokea na vijana Waafrika, na kwamba nikifanya mtihani wa kuingia naye akiandika barua ya kunipendekeza, naweza kusoma fizikia. Bila barua, mtihani peke yake hautoshi, hawanijui. Alinipa vitabu vinne, kila kimoja kizito kama tofali.

Nilimweleza Baba jioni, akiwa anakata kitambaa.

“Fizikia ni dawa ya nini?” aliuliza.

“Si dawa, Baba. Ni elimu ya jinsi vitu vinavyokwenda. Joto, mwanga, sauti, mwendo.”

“Na hiyo ya nyota?”

“Ndiyo falaki.”

Aliweka mkasi chini. “Falaki naijua. Babu yako wa Ujiji alikuwa na kitabu chake, akituhesabia mwezi wa Ramadhani. Hiyo nenda kasome. Na hiyo nyingine, kama haina dhambi, ichukue pia.”

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikuwahi kuwasimulia kazini, ingawa wengi wenu mmeonja makali yake kila nilipowarudishia daftari.

Ulikuwa msimu wa mvua, na kwa wiki nzima ardhi ilikuwa ikitikisika. Si sana, vikombe vililia kabatini, mbwa walibweka, basi. Milima yetu ya moto haina haya, kila mtu wa Gisenyi anaizoea. Lakini kazini tulikuwa macho. Jumanne moja Muzee Gaspari alikwenda kwenye msiba Rubona, na Monsieur Lemmens alikuwa ziwani na watu wa mashua, akipima joto la maji ya chini. Nilibaki peke yangu. Asubuhi lilipita tetemeko dogo, pigo moja la ghafla kama mtu amepiga ukuta kwa bega. Nililisikia, nikaendelea kusoma.

Nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtihani. Mnajua nilikuwa natafuta nini? Muda wa pendulamu. Nilikuwa nimeinamia karatasi nikihesabu pendulamu ya kitabuni, na pendulamu ya kweli ilikuwa nyuma ya mlango. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa sita na dakika saba. Milio ya redio ilikuwa imepita.

Daftari letu lilikuwa na neno la Kifaransa kwa siku kama hiyo, maana yake tu “haikusikika.” Neno moja. Lakini nililiona likinitazama, nikamwona na Monsieur Lemmens akiuliza nilikuwa wapi, huku barua yangu bado haijaandikwa. Jana saa ilikuwa imechelewa sekunde moja na sehemu mbili za kumi, juzi vilevile. Itakuwa imebadilika nini kwa siku moja? Nikaandika: moja na sehemu mbili. Kwa wino. Nikatia na jina langu, vizuri kabisa.

Alasiri hiyo likaja tetemeko la kweli. Watu walitoka nje sokoni, na bati la duka la jirani yetu likashuka. Monsieur Lemmens alirudi kutoka ziwani akikimbia, akasoma alama kwenye karatasi ya masizi, akafungua daftari, akatumia namba yangu, akapeleka simu ya maandishi kwa ofisi iliyokusanya habari za vituo vyote vitatu.

Kesho yake adhuhuri nilikaa mbele ya redio kama mtu anayesubiri hukumu. Saa yetu ilikuwa imechelewa zaidi ya sekunde tano. Nilijaribu kujifariji kwamba tetemeko kubwa ndilo lililoishtua saa, yaani baada ya alama zetu kuandikwa. Nikachukua karatasi ya jana na kioo cha kukuzia, nikafuata alama za dakika moja baada ya nyingine. Zilikuwa sawasawa mpaka lile pigo la asubuhi. Pale dakika moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Saa ilisita asubuhi, karibu sekunde nne, na kama ningeisikiliza redio adhuhuri ningejua. Nilikuwa nimepeleka uongo, na uthibitisho wake ulikuwa mkononi mwangu.

Niliirudisha karatasi kwenye sanduku. Sikumwambia mtu.

Siku ya tatu jibu likaja. Kwa saa za vituo vitatu, chanzo cha matetemeko kilikuwa chini ya Bugeshi, mahali penye watu na ng'ombe na mashamba ya viazi. Mtawala wa wilaya, akihofu mlima utapasuka hapo, akaamuru watu washuke. Karani wake, Silvesta, alitoka Bukavu, hakujua Kinyarwanda. Wakatafuta mkalimani anayeweza pia kuwaeleza wenyeji habari za mashine. Monsieur Lemmens akanitaja mimi, na akaona ananipa heshima.

Lori lilitufikisha mwisho wa barabara, tukapanda kwa miguu ndani ya ukungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikutana na watu tayari wanashuka, kwa kuwa habari iliwafikia jana yake: wanaume na mizigo ya vitanda, wanawake na viazi vibichi vilivyong'olewa kabla ya wakati. Kila aliyetupita alitusalimu kwa heshima. Mmoja alinishukuru.

Kando ya njia aliketi mama mmoja mtu mzima, mjane, jina lake Nyiramana. Ng'ombe wake alikuwa amesimama, na miguuni pake kulikuwa na ndama aliyefunikwa majani ya migomba. Alizaliwa alfajiri hiyo njiani, kwenye mvua, wakati mama yule anamswaga ng'ombe kushuka. Hakuishi mpaka jua kutoka.

Silvesta alisoma tangazo lake kwa watu waliokusanyika, nami nikatafsiri. Mlima unaweza kupasuka hapa. Mashine za wataalamu zimeonyesha. Kila mtu ashuke kabla ya kesho jioni. Nyiramana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi, si karani.

“Mwana wanjye,” alisema kwa Kinyarwanda, “hiyo mashine wewe umeiona kwa macho yako?”

“Nimeiona, mama. Ndiyo kazi yangu.”

“Na yenyewe ikasema ni hapa?”

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ndama wake amekufa kwa sababu gani. Nilifungua mdomo nitafsiri tena maneno ya karani, yakakataa kutoka.

“Hapana, mama,” nikasema. “Mashine ilisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nilikosa kusikiliza saa, nikaandika namba ya kubuni. Sijui mlima utapasuka wapi, lakini hapa mmeambiwa kwa kosa langu.”

Silvesta akanivuta mkono. “Ramazani, unawaambia nini? Mi sijasema maneno mingi hivyo. Tafsiri ile iko kwa karatasi!”

Nikamwambia kwa Kiswahili. Alishika kichwa. “Ye! Na mi nimetia sahihi!”

Mwanaume mmoja alinyanyua fimbo yake. Nilikuwa namtazama, na wallahi sikuona sababu ya kukimbia. Nyiramana ndiye aliyemzuia, bila kusimama.

“Mwache. Ukimpiga atachelewa kufika chini. Ashuke upesi akaseme huko alikokosea.”

Nilishuka mbio mpaka kwenye lori. Monsieur Lemmens alikuwa ofisini. Nilisimama mlangoni nikiwa na matope mpaka magotini, nikamwambia yote, tangu kitabu cha pendulamu. Alitoa karatasi ya Jumanne kwenye sanduku, akachukua kioo, akapima ile dakika ndefu mara tano. Sekunde nne na sehemu moja. Akahesabu upya, akapeleka simu nyingine. Kesho yake jibu likaja kwamba chanzo kimehamia magharibi, ng'ambo ya Goma, kwenye mawe makavu ya lava ya zamani ambako hakuna anayeishi. Amri ya Bugeshi ikafutwa. Mlima wenyewe, kwa taarifa yenu, haukupasuka mwaka ule, si huku wala kule. Tungekuwa tumewafukuza watu bure hata kwa namba iliyo sahihi, lakini hilo halikunipunguzia kitu.

“Monsieur,” nilimwuliza, “na barua?”

“Leo sina jibu,” alisema. Kwa wiki mbili hatukuzungumza ila namba.

Muzee Gaspari alirudi kutoka msibani akanikuta na wembe, najiandaa kuikwangua ile namba ya uongo daftarini. Alininyang'anya.

“Usifute. Piga mustari moja tu, mutu aweze kusoma ile ya zamani. Andika mupya pembeni, tia jina yako na siku.”

“Muzee, kila atakayefungua ataiona.”

“Bon. Aione. Kitabu yenye haina kosa, mi naogopa hata kuifungua.”

Sasa mnajua mstari mmoja niliokuwa nikiwadai daftarini ulitoka wapi. Haukutoka kwenye kanuni za serikali. Ulitoka kwa fundi wa injini za mashua.

Baba alipojua, hakunipiga wala kunilaumu. Alishona koti zito, la sufu, lenye bitana mbili, akaniambia nimpelekee yule mjane. Nyiramana alilivaa palepale, akajigeuza, akapapasa mishono.

“Koti ni zuri,” alisema. “Ndama alikuwa mzuri zaidi.”

Nilianza kupanda Bugeshi kila mwezi. Mwishowe Monsieur Lemmens akatafuta mahali pa kuweka kipimamvua cha milimani, nami nikasema najua mahali. Nyiramana alikubali kiwekwe uani kwake kwa sharti moja, kwamba asiandikiwe namba na mtu mwingine. Hakujua kusoma. Alipima maji kwa kijiti, akakata alama, akaninunia kila nilipochelewa kuja kuchukua vijiti. Katika miaka niliyosoma takwimu za mvua za nchi tatu, sikuona mfululizo usio na pengo kama vile vijiti vya yule mama.

Mtihani nilifaulu. Nikaenda Léopoldville kwa lori mpaka Stanleyville, kisha kwa meli ya mtoni, siku nyingi za mbu na samaki wa kukaushwa. Wiki ya kwanza nikaitwa na mkuu wa kitivo, padri mwenye miwani minene. Barua ya Monsieur Lemmens ilikuwa mezani pake. Sikujua kama iliandikwa mpaka dakika ile. Alinisomea mstari mmoja tu: “Kijana huyu aliandika namba ya uongo mara moja, akaikanusha mwenyewe mbele ya watu waliokuwa na haki ya kumpiga. Sidhani kama ataandika ya pili.”

“Ni kweli?” padri aliuliza.

“Sentensi ya kwanza ni kweli, mon père. Ile ya pili ndiyo nimekuja kuijaribu.”

Akacheka, akaniandikisha.

Sitawadanganya kwamba masomo yalikuwa matamu. Mwaka wa kwanza hesabu zilinipiga kama mvua ya mawe. Tulikuwa Waafrika wachache katika fizikia, tukila meza moja, tukiazimana vitabu na wakati mwingine viatu. Maabara ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa tayari imefundishwa: wenzangu walipovunja vioo na kulaumu umeme, mimi nilikuwa nimeshazoea kushika karatasi ya masizi. Profesa wa elimu ya nyota alitufundisha kwanza saa, kalenda na makosa ya vyombo, na ndipo sayari. Wengine walichoka. Mimi nilijisikia niko Gisenyi.

Vijana huniuliza, ukisoma fizikia na falaki utafanya kazi gani, kwani nyota haziajiri mtu. Nitawatajia wale wa meza yetu. Mmoja alikwenda kiwanja cha ndege, akawaambia marubani upepo wa juu ukoje. Mmoja aliingia hospitali, akatunza mashine za kupiga picha za mifupa na kuhakikisha wagonjwa hawaunguzwi na mionzi. Mmoja alijenga mitambo ya redio. Mmoja alirudi ziwani kwetu Kivu kupima gesi iliyolala chini ya maji, na wawili wakawa walimu, wakazaa wengine kama sisi. Mimi nilikwenda kwenye hali ya hewa na matetemeko, mpaka mliponiaga. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa na nyota, lakini wote saba tulilishwa na tabia ileile: kupima, kutilia shaka, kupima tena.

Nimalizie na likizo ndefu ya mwaka wa tatu, niliporudi Gisenyi nikakuta ni wiki ya mwisho ya Muzee Gaspari kazini. Macho yalikuwa yamemchoka. Mara baada ya milio ya redio ya adhuhuri aliniita stoo, akafunga mlango, akasogeza magunia.

Juu, kwenye bati la paa, palikuwa na tundu la msumari. Mwanga wake ulianguka sakafuni, kiduara kidogo kama senti, karibu na mstari mwembamba uliochorwa kwenye sima, saruji ya sakafu, kutoka kaskazini kwenda kusini.

“Hii nimeichora mi mwenyewe,” alisema kwa sauti ndogo. “Nilisikia jua ikifika katikati ya mbingu, ni saa sita. Nikasema, bon, nitakuwa na saa yangu. Jua ikigusa mustari, naenda kuangalia saa kubwa. Haipatane. Mwezi wa pili jua inachelewa robo saa na zaidi. Mwezi wa kumi na moja inatangulia. Na saa iko sawa na redio, donc, basi, kosa ni mustari yangu. Nikavunja sima, nikachora ingine. Mara sita, Ramazani. Fundi wa kutunza saa, na mustari inanishinda. Sikuambia mutu.”

Alinipa daftari. Miaka na miaka ya adhuhuri, kila siku yenye jua: tarehe, na dakika ambazo jua lilichelewa au kutangulia. Makosa yake yamepigwa mstari mmoja, hayakufutwa.

Nilikaa juu ya gunia nikachukua karatasi, nikaanza kuweka nukta za mwaka mmoja. Februari juu. Mei chini kidogo. Julai juu tena. Novemba chini kabisa. Nilipoziunganisha, nikautambua mchoro ule: nilikuwa nimeuona mwezi mmoja tu kabla, ubaoni Léopoldville. Nikaokota kiazi kwenye gunia la jikoni, nikakichomeka kijiti, nikakizungusha kuzunguka taa ya stoo iliyozimwa, nikamweleza. Dunia inazunguka jua ikiwa imeinama, hivi, na njia yake si duara kamili. Kuna miezi inakwenda mbio, kuna miezi inajikokota. Saa ya chuma haijui hayo, inakwenda sawa tu. Kwa hiyo jua na saa hawapatani karibu siku zote za mwaka, wala hawapaswi kupatana. Wataalamu wana jedwali lake, na namba za jedwali ndizo hizi zake. Mimi nimesoma miaka mitatu kufika pale alipofika yeye kwa msumari.

Alitazama kiazi, akatazama tundu la paa, akatazama sakafu.

“Donc mustari iko sawa?”

“Iko sawa, Muzee.”

“Na zile sita za mbele? Zenye nilivunja?”

“Zote zilikuwa sawa. Tangu ile ya kwanza.”

Kiduara cha mwanga kilikuwa kimeshavuka mstari na kuanza kupanda gunia la karatasi. Muzee Gaspari alivua kofia yake, akapiga magoti kwa shida, akapitisha kidole kile kinene juu ya sima, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayekagua ukingo wa injini aliyoimaliza vizuri.

“Anza tena,” akasema, bado yuko chini. “Polepole. Anza pale kwa kiazi.”